Udongo wa Chini ya Mafunjo

Kondakta alikataa katakata. Gunia linalovuja tope, alisema, halipandi basi lake hata kama ndani yake kuna dhahabu. Eufrasia hakubishana naye. Aliketi juu ya gunia lenyewe pale stendi ya Nkome, akakunja mikono, akamkazia macho kijana wa watu mpaka kijana akaona haya. Mwishowe gunia likavishwa nailoni, likapandishwa kwenye keria pamoja na matenga ya dagaa, na mama mtu mzima akashinda njia nzima akichungulia dirishani kila basi lilipoyumba, asije akapoteza mafunjo yake.

Ndiyo, mafunjo: yale majani marefu ya majini yenye vichwa vya nywele timtim, ambayo watu wa ziwani huyafyeka kila mara ili mitumbwi ipate njia, na hakuna mwenye akili zake aliyewahi kuyaona kuwa mali. Huko Nyabuhele alikoolewa, kijiji cha machimbo mbele kidogo ya Ushirombo, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jirani yake Nyamizi alikuja uani mahsusi kujionea.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, kisha akalitazama shimo jipya nyuma ya jiko. "Sasa Mama Ndaki, wenzio wanapanda mchicha, wewe umeamua kulima ziwa?"

"Nalima," alijibu Eufrasia. "Na samaki wakija, sikupi."

Nyamizi alicheka, na Eufrasia akamwacha acheke, maana sababu yenyewe hakuwa na nia ya kumwambia yeye wala mtu mwingine.

Sababu ilikuwa Noela, mke wa Ndaki. Ndaki ndiye mtoto pekee aliyeachiwa Eufrasia na marehemu mumewe, na Noela ndiye binti aliyemleta kutoka Isaka, ambako baba yake alikuwa mpakia mizigo kwenye malori yaendayo magharibi. Mimba mbili za Noela zilikuwa zimetoka, ya pili ikiwa imeshaanza kucheza tumboni. Sasa alikuwa na ya tatu, na nyumba nzima ilitembea kwa kunyata. Eufrasia alimpenda yule mkamwana. Wapo mama wakwe wanaosema hivyo kanisani na nyumbani wanauma. Yeye alimpenda kweli, kwa jinsi alivyofanya kazi huku akiimba kwa sauti mbovu na kwa jinsi alivyolia mimba ya pili ilipotoka bila kumlaumu mtu. Mjukuu alimtaka, ndiyo, tena kwa uchu. Lakini zaidi alitaka Noela asilie tena vile.

Na Noela alikuwa na hamu ya udongo. Hilo si jambo geni. Wajawazito wa machimboni wote wanajua pemba, vile vijiti vya udongo wa kuokwa vinavyouzwa sokoni kwenye masinia pamoja na karanga. Lakini Dorah, muuguzi wa zahanati, alikuwa amewapiga marufuku. Udongo ule, alisema, unachimbwa popote, hata pembeni ya mashimo ya dhahabu, na una sumu inayopita kwa mama ikaenda kwa mtoto. Noela aliogopa, akaacha pemba. Hamu haikumwacha. Asubuhi moja Eufrasia alimkuta jikoni amepiga magoti, anabandua ukuta kwa kucha na kutia mdomoni, machozi yakimtoka kwa aibu.

"Ukuta si chakula, binti yangu," alisema Eufrasia. "Inuka. Nitakutafutia wa kwetu."

Wa kwao ulikuwa na historia yake. Katika ukoo wa mama yake Eufrasia, huko Nkome, mkamwana akishika mimba, mama mkwe alimlisha udongo wa kijivu unaokaa chini ya mizizi ya mafunjo. Ulikandwa ukawa vidonge, ukakaushwa juu ya moshi wa jiko, na kila asubuhi mama mkwe alimpa mkamwana mkono kwa mkono, kimoja tu, bila maneno mengi. Wanaume hawakuambiwa. Baba akijua, ilisemwa, maziwa ya mama yanakauka kabla mtoto hajashiba. Eufrasia mwenyewe alikula alipokuwa na Ndaki, akajifungua jitu lenye afya, na katika maisha yake yote hakuona sababu ya kulitilia shaka jambo hilo.

Zamani Nyabuhele nayo ilikuwa na bonde lake la mafunjo. Likaja kuliwa na mialo, yale maeneo ambako mawe yaliyosagwa huoshwa ili dhahabu ijitenge. Sasa bonde zima lilikuwa mashimo ya maji ya rangi ya chai ya maziwa na vichuguu vya mchanga uliokwisha kuoshwa. Eufrasia hakuwa mjinga. Hakuchukua hata kijiko cha udongo kutoka huko. Alipanda basi mpaka kwao, akaingia majini mbali na mwalo wa samaki, pale wavuvi wanapotia nanga, mahali alipopajua tangu utoto wake, akang'oa mafunjo na tope lake. Akarudi tena na tena mpaka shimo likajaa.

Lilikuwa shimo la haja. Alilichimba nyuma ya jiko pale maji ya bafuni yalipokuwa yakimwagikia, akalihamisha bomba ili sabuni isiingie, akalitandika nailoni nzito aliyoinunua Ushirombo dukani kwa Rajabali. Mashina aliyalaza ubavu, kwa kuwa funjo ukilisimamisha linaoza. Vichwa alivikata ili mmea usihangaike na nywele kabla ya mizizi. Maji yalitakiwa yasimame juu ya tope kiasi cha kidole, yasipungue. Baada ya muda machipukizi yakatokea, makali na meupe kwa chini, na Eufrasia aliyeshinda akimcheka Nyamizi kwa kusema na mbuzi wake akajikuta anasema na majani. Noela alipewa kidonge chake kila asubuhi. Hamu ikatulia, mashavu yakajaa, na mimba ikapita ule mwezi ambao ile ya pili haikuupita. Siku ile walikumbatiana jikoni, wote wawili wakilia na kucheka, na Ndaki alipouliza kuna nini, mama yake akamfukuza.

Kisha kiangazi kikaingia. Kisima cha kijiji kikawa kinatoa maji ya kugombea, na maji ya kugombea huwezi kuyamwaga kwenye majani hata kama majani hayo ni roho yako. Mafunjo yakaanza kuwa ya manjano kuanzia nchani. Tope likapasuka pembeni. Eufrasia alilisimamia shimo lile kila jioni, mikono kiunoni, akiona kazi yake yote na afya ya mkwewe vinakauka pamoja.

Ndaki aliliona hilo. Alikuwa kijana wa maneno machache, anayefanya kazi kwenye mmoja wa mialo ile ile ya bondeni, akichanganya mchanga na zebaki kwenye beseni ili dhahabu ishikane. Jioni moja akarudi na madumu mawili yamefungwa nyuma ya pikipiki, akayamimina kwenye shimo bila kuulizwa.

"Maji ya kazini, Mama," alisema. "Nitaleta kila siku. Usiyahurumie tena."

"Wabeja, baba," alisema Eufrasia, kumshukuru. Kazini kwao kulikuwa na kisima kirefu cha mashine, alikuwa amesikia. Hakuuliza zaidi.

Ni lazima isemwe kwamba Ndaki hakuwa mzembe na zebaki. Dorah aliwahi kumkemea kwamba sumu ile inafuata nguo mpaka nyumbani, na tangu hapo alikuwa akioga kulekule kazini, akiacha nguo za kazi kwenye kibanda, na hakuwahi kuchoma dhahabu uani ili zebaki ipae kama walivyofanya wenzake. Mkewe alikuwa na mimba. Aliilinda kwa njia aliyoijua yeye, na mama yake aliilinda kwa njia yake, na hakuna kati yao aliyemweleza mwenzake anafanya nini.

Mtoto alizaliwa mvua zilipokolea. Wa kiume. Akapewa jina la babu yake, Masalu, na Eufrasia alicheza mbele ya zahanati mpaka kanga ikamdondoka na asijali. Kwa muda wa wiki kadhaa hapakuwa na nyumba yenye furaha kuliko ile katika Nyabuhele nzima. Maziwa yalikuwa tele. Mtoto alikuwa mkimya, halii ovyo, na wanawake waliokuja kumwona walimpongeza Noela kwa kupata mtoto mpole.

Upole wenyewe ndio ulioanza kumtisha Eufrasia. Alikuwa amelea, alijua mtoto anavyokuwa. Huyu hakugeuka ukimwita. Macho yalielea upande mmoja yakarudi, hayakushika uso wa mtu. Wenzake waliozaliwa mwezi ule walipoanza kuinua vichwa, chake kilianguka nyuma ukiacha kukishika, na walipoanza kukaa, yeye alikuwa bado analazwa. Mikono ikawa inakakamaa. Noela aliacha kuimba. Alimbeba kutwa, akimwita jina lake kwa sauti ya chini, "Masalu, Masalu," akingoja ageuke.

Dorah aliwapeleka wote watatu na mtoto Mwanza kwenye hospitali kubwa. Daktari wa huko alimpima mtoto kwa utulivu, kisha akawaeleza kwamba ubongo ulidhurika kabla hajazaliwa, na kwamba hakuna dawa ya kuurudisha. Akauliza kama nyumbani kuna mtu anachoma dhahabu. Ndaki akaapa kwamba hapana. Daktari akamuuliza Noela kama alikula udongo wa sokoni, na Noela akajibu hapana, tena kwa moyo safi, maana wa sokoni aliuacha. Hata alipokuwa akijibu alimwangalia mama mkwe wake kwa pembe ya jicho, kumhakikishia kwamba siri yao iko salama. Daktari akakata kishungi cha nywele za Noela, akasema majibu yatatumwa zahanati.

Majibu yalikuja kiangazi kingine kikiwa kimekolea. Siku hiyo mtoto alikuwa na degedege, Noela hakuweza kutoka, basi Eufrasia akaenda peke yake kuchukua dawa. Dorah alimvuta ndani, akafunga mlango.

"Mama Ndaki, nywele za Noela zimejaa zebaki. Nyingi. Mtoto alilishwa sumu tumboni."

"Lakini Ndaki anaoga kazini."

"Hii haikuingia kwa nguo. Hii imeingia kwa mdomo, tena kwa muda mrefu. Kuna kitu alikuwa anakula, au anakunywa. Mwambie aje tuongee, haraka, kabla hajashika mimba nyingine."

Eufrasia alitembea kurudi nyumbani akijaribu kuwaza samaki. Aliwaza dagaa, sangara, maji ya kunywa, mboga za Nyamizi. Aliwaza kila kitu isipokuwa kile ambacho moyo ulikuwa umeshakipata tangu akiwa bado kwa Dorah. Alipoingia uani alimkuta Ndaki amewahi kurudi. Mafunjo yalikuwa yamemzidi kimo, mabichi, manene, na yeye ameinamia shimo anamimina dumu.

"Ndaki," alisema. "Haya maji unayatoa wapi?"

"Kazini, Mama."

"Kazini wapi? Kwenye kisima?"

Ndaki akacheka kidogo. "Kile cha mashine? Kile bosi amekitia kufuli, Mama, hata sisi hatukigusi. Nayachota kwenye shimo, pale tunapooshea dhahabu. Si ni ya majani tu? Nani anayanywa?"

Hakuna aliyeyanywa. Miezi yote ile yalikuwa yakishuka taratibu kwenye tope, yakiacha humo yaliyoyabeba, na yeye Eufrasia kwa vidole vyake mwenyewe alikuwa akilichota tope hilo, akilikanda, akilikausha, akimpa binti wa watu kila asubuhi mkono kwa mkono. Alishika nguzo ya jiko. Mwanawe akamuuliza kama anaumwa, akajibu kwamba jua lilikuwa kali njiani.

"Usilete tena," alisema. "Nimeyachoka. Yaache yakauke."

Na hapo ndipo alipokosea mara ya pili, na safari hii hakuwa na kisingizio cha kutojua. Alinyamaza. Alijiambia atasema kesho, na kesho ilipofika Ndaki alikuwa amemlaza mtoto kifuani akimpigia miluzi, na angeanzaje? Amwambie mtoto wake wa pekee kwamba aliyemharibu mwanawe ni yeye kwa madumu yake, na kwamba mama yake ndiye aliyeyageuza kuwa chakula? Ndaki asingepona neno hilo. Na Noela angemtazama vipi? Dorah alipopiga simu kuuliza kama ujumbe umefika, Eufrasia akasema umefika. Alisema hivyo kwa ulaini mpaka mwenyewe akajistaajabia.

Aliona kwamba kimya chake hakimdhuru mtu. Sumu ilikwisha kufanya kazi yake, mtoto haponi kwa kuambiwa, na Noela hana mimba ya kulishwa udongo. Alidhani anachonunua kwa kimya ni amani kidogo ya nyumba. Hata mafunjo hakuyang'oa, maana kuyang'oa kungeleta maswali, aliyaachia jua. Cha ajabu hayakukauka. Wiki zilipita, tope la pembeni lilibaki na unyevu, machipukizi mapya yakajitokeza, naye akawa anayapita akiangalia upande mwingine, akisema moyoni kwamba yana shingo ngumu.

Lakini kijiji hakikuwa kimya. Mtoto asiyekaa wala kugeuka huwa na maelezo yake uswahilini, na maelezo yalipatikana: amebemendwa. Yaani Noela alirudi kitandani kwa mumewe kabla ya wakati, maziwa yakaharibika, mtoto akadumaa. Wengine waliongeza kwamba mimba mbili zikitoka na ya tatu ikizaa hivi, basi mwanamke ana lake jambo alilokuja nalo kutoka kwao. Nyamizi, aliyekuwa akitania tu siku zote, sasa aliacha kuja uani. Kisimani walimpisha Noela achote kwanza, si kwa heshima. Yeye aliyavumilia yote, akafunga kanga yake juu zaidi na kulegeza magauni, akasema kidogo kila siku kuliko jana yake. Eufrasia alimwona anapungua na akalia chooni ambako hakuna wa kumwona.

Ndipo Mayala akafika. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mumewe, mfugaji wa upande wa Shinyanga, mtu wa haki kwa namna yake lakini akishashika jambo haliachii. Alikuja na mzee mwenzake kwa niaba ya ukoo. Walikula ugali, wakanawa, wakaketi kwenye kivuli cha ukuta, mchana kweupe, na Mayala akaanza bila kuzunguka.

"Shemeji, tumeongea. Huyu mtoto ni damu yetu, atabaki. Mama yake tunamrudisha Isaka kwa wazazi wake, kwa heshima, bila matusi. Ndaki ataoa kwingine. Mnatuambiaje?"

Ndaki aliinamisha kichwa. Eufrasia alingoja aseme neno, hata moja, la kumtetea mkewe. Hakusema. Alikuwa amechoka kupita kiasi, na mtu akichoka hivyo huanza kuamini chochote chenye mwisho.

Noela aliitwa. Akatoka na mtoto begani, akapiga goti, akasalimia. "Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Nitakuuliza mbele ya mumeo na ukinidanganya unamdanganya marehemu. Mlikutana kimwili mtoto akiwa hajatimiza mwaka?"

Noela hakujibu. Uso ulimwiva kwa aibu, akamkumbatia mtoto mpaka mtoto akaguna.

"Umesikia, shemeji," alisema Mayala kwa upole. "Kimya chake ni jibu. Ndaki, mwambie mkeo akafungashe."

Eufrasia aliona kila kitu kwa wakati mmoja: kifurushi cha Noela, basi la Isaka, mtoto akibaki mikononi mwake mwenyewe Eufrasia, mikono ileile, alelewe nayo. Akainuka.

"Haendi popote," alisema. "Hajambemenda mtoto. Mtoto nimemuua mimi."

Mayala akamwambia akae, asiseme maneno ya uchungu. Hakukaa. Akasema yote, mbele ya wanaume, mambo ambayo ukoo wa mama yake haukuwahi kuyatamka mbele ya mwanamume: udongo, mizizi, moshi, vidonge vya asubuhi. Akasema alichoambiwa na Dorah. Alipofika kwenye maji akasita, akamwangalia mwanawe, na Ndaki akainua kichwa taratibu. Eufrasia hakuhitaji kumalizia. Alimwona akielewa, akaona jinsi lile umbo kubwa lilivyoishiwa nguvu palepale kwenye kigoda.

"Mimi nilikuwa nakusaidia," alisema Ndaki. "Mama. Nilikuwa nakusaidia tu."

Akasimama, akaenda mpaka pembeni ya shimo, akatapika. Hakurudi walipokaa. Aliketi chini pale pale, amewapa mgongo, mikono ameitanguliza mbele yake na kuitazama.

Mzee mwenzake Mayala alikohoa, akasema hayo ni maneno ya zahanati. Mayala mwenyewe aliuangalia mgongo wa Ndaki, akamwangalia mtoto, kisha akachukua fimbo yake na kusema kwamba shauri la kumrudisha mwanamke limekwisha, na wao wageni waondoke waiache nyumba. Hata lango alilifunga kwa adabu.

Wakabaki wanawake wawili na mtoto, Ndaki akiwa bado kule pembeni ya shimo. Eufrasia alipiga magoti mbele ya mkamwana wake, jambo ambalo mama mkwe halifanyi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Aliyatamani. Angepigwa angeshukuru.

"Ulijua lini?" aliuliza Noela.

"Siku ile ya degedege. Nilipokwenda kuchukua dawa."

"Siku zote hizi."

"Nisamehe, mwanangu. Niliogopa. Nilimwonea huruma Ndaki, nikajionea huruma mimi. Nikasema sasa hakuna anayekula, hakuna wa kudhurika tena. Nilikuwa nangoja tu mafunjo yakauke, hata hayakauki, sijui kwa nini."

Noela alimhamisha mtoto akamweka bega la pili. Kwa mkono uliobaki wazi alilegeza kanga yake, ile aliyokuwa akiifunga juu siku hizi, na Eufrasia akaona, kupitia gauni lililolala juu ya tumbo, alichopaswa kukiona zamani.

"Nilikuwa nayamwagia maji ya kumwogeshea Masalu," alisema Noela. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nisingeweza kukwambia nina mimba, na huyu bado ananyonya. Wangesema ni kweli nimembemenda. Nikasema nitakula udongo mwenyewe kimyakimya, ili huyu wa tumboni atoke mzima. Nilichimba kwa mkono, kama ulivyokuwa unafanya wewe."

Eufrasia aliukamata mkono ule.

"Mara ya mwisho lini?"

"Leo asubuhi, Mama."